Chemchemi kwanza: mfanyabiashara mdogo wa Lushoto na deni lake kwa mji

Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye barabara ya kilomita 33 inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni. Kila kinachouzwa madukani kimepandishwa na gari, na karibu kila kinachoshushwa kwenda Tanga na Kariakoo kimelimwa kwenye miteremko inayouzunguka mji: kabichi, karoti, nyanya, hoho, plamu, pichesi. Mwenye duka la jumla, mama lishe wa stendi, fundi wa kuchomelea, mwenye gesti, dalali wa mboga na wakala wa pesa za simu wote wanaishi kwa watu wanaoteremka na mizigo kutoka vitongoji vya juu siku ya gulio. Wengi wa watu hao, kabla ya kuteremka, wameshapanga foleni ya maji. Mama aliyekaa chemchemini tangu alfajiri anafika sokoni mboga zimenyauka na bei imeshavunjika, na jioni hana cha kuacha dukani. Hapo maslahi ya duka na ya kitongoji yanakutana, na hakuna ubaya kulisema hilo waziwazi.

Wafanyabiashara wadogo wanatoa tangu zamani. Wanachangia misiba na harusi, wanatoa saruji kwa msikiti au kanisa, madaftari kwa shule, tende na sukari mwezi wa Ramadhani. Yote ni mema na yaendelee. Ila kuna kutoa ambako mwenye duka anakuweza kuliko mfadhili yeyote wa kutoka mbali, nako ni kukihudumia kitu kisife. Mfadhili anazindua na kuondoka. Mwenye duka atafungua mlango kesho saa moja asubuhi, na mwaka ujao vilevile. Mradi wa maji wa kitongoji hauuawi na kukosa sherehe ya ufunguzi. Unauawa na mpira wa koki uliolika, soketi iliyopasuka, na swali la nani atoe hela ambalo linakaa miezi mitatu bila jibu. Mpira na soketi viko dukani, na mtu wa kujibu swali hilo yuko nyuma ya kaunta.

Milimani kazi hii ina wepesi ambao tambarare hawana: maji yanashuka yenyewe. Hakuna pampu wala dizeli wala umeme wa Luku. Ukilihifadhi jicho la chemchemi vizuri na ukachagua bomba sahihi, mlima unafanya kazi usiku na mchana bila kudai mshahara. Ndiyo maana kwa mji kama Lushoto ningeweka hela ya mfanyabiashara mdogo kwenye chemchemi kabla ya kuiweka mahali pengine popote.

Ndoo, saa na miezi

Usinunue hata futi moja ya bomba kabla ya kupima maji. Kifaa ni ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Chini kidogo ya jicho, ziba njia ya maji kwa udongo wa mfinyanzi na mawe, pitisha kipande cha bomba katikati ya kiziba hicho, subiri maji yatulie na yaanze kutoka yote kwa bomba, kisha kinga ndoo. Pima mara tano, chukua wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa na lita 43,200 kwa siku nzima.

Kinachowaponza wengi ni mwezi wa kupima. Ukipima Mei, masika yakiwa yamelowesha mlima mzima, kila chemchemi ni tajiri. Pima mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli kuanza, kisha rudia Februari. Namba ndogo kuliko zote ndiyo ya kupangia. Na waulize wazee wa kitongoji kama jicho hilo limewahi kukauka, mwaka gani, na likarudi baada ya muda gani. Kumbukumbu za aina hiyo huzipati ofisini.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 inataka mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kituo cha kuchotea maji kiwe ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa chemchemi yetu ya lita 43,200, toa moja ya tano kwa ajili ya uvujaji na upotevu. Zinabaki kama 34,500, ambazo kwa hesabu ya karatasi zinatosha watu 1,380. Vituo vitano vingetosha kwa watu 1,250, lakini anza na vinne. Watu huongezeka, na ukianza na vituo vingi kuliko maji, vya juu vitapata na vya chini vitabaki vikavu, kisha ugomvi utaanza.

Shamba la nani?

Chemchemi nyingi za Usambara ziko ndani ya shamba la mtu. Nyingine ziko kwenye vichaka vya mila ambavyo wazee hawataki viguswe bila wao kuhusishwa, na wana haki. Kaa nao kabla ya kuchora chochote. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji, mkutano mkuu wa kijiji uitishwe, na muhtasari uandikwe na kusainiwa ukitaja eneo, mwenye shamba na kilichokubaliwa. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na mradi wa jamii unasimamiwa na chombo cha watumia maji kilichosajiliwa. Palipo na mamlaka ya maji ya mji, anza na mamlaka hiyo. Kibali cha kutumia maji ya chanzo kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Wafanyabiashara wasiunde kamati yao pembeni. Wakiwa na kamati yao na kijiji kikawa na yake, bomba likipasuka kila upande unamsubiri mwenzake. Nafasi yenu ni ndani ya chombo hicho, kwa kura, na kwa viti vichache kuliko wachotaji wenyewe.

Suala la mita 60 halikwepeki. Hizo ndizo mita ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaja kwa kingo za mito na mabwawa, na ndizo zinazotumika kulinda vyanzo. Fanya hesabu: duara la mita 60 kuzunguka jicho ni karibu ekari tatu. Lushoto, ekari tatu ni shamba zima la familia, pengine zaidi. Kumwambia mwenye shamba "usilime tena hapa" bila kumpa kitu ni kumnyang'anya, naye usiku atalima. Njia inayofanya kazi ni kugawa eneo. Mita 10 hadi 15 za kwanza kuzunguka jicho zifungwe kwa uzio wa miti hai, asiingie mtu wala ng'ombe. Baada ya hapo yapandwe majani ya Guatemala, ambayo wafugaji wa Lushoto wanaofugia ng'ombe zizini wanayajua, yakatwe na kubebwa, ng'ombe asichungwe humo. Mboga za kupigiwa dawa zisilimwe ndani ya eneo lote, na mtu yeyote asioshe bomba la kupulizia dawa kwenye chanzo wala mfereji wake. Wafanyabiashara wanaweza kumfidia mwenye shamba kwa njia wanayoimudu: mbegu za kwanza za majani, mkopo wa ndama bila riba, au bomba moja la nyumbani kwake bila kulipia. Liandikwe kwenye muhtasari uleule.

Mikaratusi iliyo karibu na jicho ikatwe, na ruhusa ya kukata iombwe kwanza. Inakunywa sana. Mikuyu na miti mingine ya asili ya eneo hilo ipandwe mahali pake, lakini isiwe juu ya kisanduku chenyewe, yaani kijumba cha zege kinachokinga maji ya jicho, maana mizizi hutafuta unyevu na huingia kwenye bomba. Juu ya kisanduku panda nyasi tu.

Kisanduku

Kazi ianze kiangazi. Chimba ukilifuata jicho kuelekea ndani ya mlima mpaka uone maji yanatoka kwenye tabaka gumu, mahali pamoja au pawili, masafi. Hapa fundi mwenye haraka huua chemchemi. Chini ya maji kuna tabaka la mfinyanzi au mwamba linaloyazuia yasizame. Ukilitoboa kwa sururu ili "upate maji mengi zaidi," maji yanashuka chini na jicho linakauka mbele ya macho yako. Ukiona udongo umebadilika rangi na kuwa mzito, simama. Endelea kwa koleo na mikono.

Kosa la pili ni la kimya zaidi. Fundi anajenga ukuta, anaweka bomba la kutolea maji juu ili kisanduku "kijae." Maji yanapanda kuliko jicho lilivyozoea, yanasukuma kurudi nyuma, na baada ya wiki chache yanatafuta njia nyingine pembeni ya ukuta au mita 20 chini. Kanuni ni moja: bomba la kutolea na bomba la kumwagia ziada yote yawe usawa wa jicho la asili au chini yake. Kabla ya kuchimba, piga kigingi na uweke alama ya usawa wa maji, na alama hiyo isiguswe mpaka kazi iishe.

Nyuma ya ukuta, upande wa jicho, panga mawe makubwa yaliyooshwa, kisha kokoto, kisha changarawe. Juu yake weka nailoni nzito, na juu ya nailoni mfinyanzi ulioshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hivi, ili maji ya mvua yasipenye kwenda kwenye jicho. Ukuta unaotazama jicho uachiwe matundu.

Kisanduku cha mita 1 kwa 1 kwa ndani, kina cha mita 1.2, kuta za sentimita 15, sakafu na mfuniko wa sentimita 10, kinahitaji zege la ujazo wa mita 1.2 hivi. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 hiyo ni mifuko minane ya saruji ya kilo 50. Ongeza mmoja na nusu kwa plasta ya 1:3 na niru (rojo ya saruji ya kupaka) ya ndani, na mingine ya akiba: nunua 11. Mchanga mita za ujazo 0.7, kokoto 1.1. Kwa kuwa kazi itapimwa kwa ndoo, mfuko mmoja wa saruji unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Watu wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, hupenda zege jepesi kwa sababu linamwagika kwa urahisi, nalo ndilo linalovuja. Mchanga wa mtoni wenye udongo uoshwe: weka kiganja kimoja kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, usiutumie hivyo ulivyo. Zege likishashika, limwagiliwe maji siku saba mfululizo na kufunikwa kwa majani ya migomba. Siku saba hizi ndizo zinazorukwa kuliko hatua nyingine yoyote, kwa hiyo mtaje mtu kwa jina na mlipe kidogo kwa kazi hiyo tu.

Bomba la kumwagia ziada lifungwe wavu mdomoni, vyura na panya wasiingie. Liwepo na bomba la kusafishia chini kabisa, lenye koki ya kufungua. Mfuniko wa kuingilia uinuke angalau sentimita 15 juu ya zege na ufungwe kwa kufuli. Mita nane hadi kumi juu ya kisanduku chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua na kuyaelekeza pembeni. Choo chochote kilicho upande wa juu kiwe mbali, angalau mita 30, na zaidi kama udongo ni wa kichanga.

Bomba na mteremko

Kila mita 10 za kushuka zinaongeza shinikizo la bar moja. Bomba la plastiki lililoandikwa PN6 linahimili mita 60 za kushuka, PN10 mita 100. Lushoto unaweza kushuka mita 100 kabla hujamaliza kilomita, na mtu akinunua PN6 kwa sababu ni rahisi, bomba litapasuka usiku, watu wakiwa wamelala na koki zote zimefungwa, maana hapo ndipo shinikizo linapofika kileleni. Dawa ni tenki dogo la kuvunja shinikizo kila baada ya mita 50 au 60 za kushuka: maji yanaingia kwa juu, yanagusa hewa, yanaanza upya kutoka sifuri. Simu nyingi zina programu ya kuonyesha mwinuko lakini hukosea kwa mita kadhaa, na hiyo inatosha kuharibu hesabu. Tumia bomba jembamba la maji linaloona, mnaloshika watu wawili kupima usawa, mkishuka hatua kwa hatua na kuandika.

Ukubwa nao una gharama yake. Kwa nusu lita kwa sekunde, bomba la milimita 32 linapoteza mita tatu na zaidi za nguvu kwa kila mita 100 za urefu. La milimita 40 linapoteza kama mita moja. Kwenye kilomita moja tofauti ni mita zaidi ya 20, yaani kituo cha mwisho kinapata maji au hakipati.

Lizikwe sentimita 60 hadi 80, na mita moja linapokatiza barabara. Bomba lililoachwa wazi linaliwa na jua, linakatwa na jembe, na linaungua watu wanapochoma mabaki ya shamba. Penye korongo tumia bomba la chuma lililoshikwa na nguzo pande zote mbili, maana mvua za masika hubeba kila kitu kilicho chini ya korongo. Kila kilele cha njia ya bomba kiwe na valvu ya kutolea hewa, na kila bonde liwe na koki ya kutolea tope. Ukisikia kituo kimoja kinakohoa maji na hewa kwa zamu, tafuta mahali bomba lilipopanda na kushuka, hewa imenasa hapo.

Usiku chemchemi inatoa na watu hawachoti. Saa kumi za usiku kwa nusu lita kwa sekunde ni lita 18,000, hivyo matenki mawili ya plastiki ya lita 10,000 yanatosha kuzikinga. Kitako kiwe cha mawe na zege, sawa kabisa, bila jiwe lililochomoza, kwa sababu tenki lililojaa lina tani kumi na litatobolewa na jiwe la ukubwa wa yai. Kabla ya kufungulia watu, safisha tenki kwa klorini: gramu 80 za poda ya asilimia 65 kwa kila lita 1,000, koroga, acha saa 12 au zaidi, mwaga yote mbali na mto, suuza. Kisha peleka sampuli ikapimwe kabla ya mtu kunywa.

Kila duka na mchango wake

Fedha taslimu ndiyo sehemu ndogo ya nguvu ya wafanyabiashara. Malori ya Fuso yanayoshusha mboga Dar es Salaam na Tanga mara nyingi hurudi na nafasi. Bomba, matenki na saruji zikipandishwa kwa safari hizo, kwa gharama ya mafuta tu, mradi umeokoa sehemu kubwa ya bajeti. Fundi wa kuchomelea anatengeneza mfuniko, kufuli na nguzo za korongo. Mwenye gesti anamlaza fundi mkuu. Wakala wa pesa za simu anafungua mfuko wa kikundi. Mama lishe anapika siku za msaragambo: kwa watu 40 wa kazi nzito, unga kilo 12 na maharage kavu kilo sita, yalowekwe usiku, na chai ya asubuhi isikosekane, maana chemchemini huko juu kuna baridi na watu wanafika na matumbo matupu. Siku ambayo chakula kimechelewa, kesho yake wanakuja nusu.

Mchango wa fedha uendane na mzunguko wa biashara. Hapa mzunguko ni gulio. Wafanyabiashara 30 wakitoa shilingi 2,000 kila wiki, ni 60,000 kwa wiki na 3,120,000 kwa mwaka. Mtu mmoja kutoa 100,000 kwa mkupuo ni kazi, 2,000 baada ya siku nzuri ya soko inatoka. Mkusanyaji apite jioni ya gulio, aandike mbele ya mtoaji, ampe stakabadhi. Akaunti iwe na waweka saini watatu, mmoja wao awe mwanamke mchotaji ambaye hana duka. Kila mwezi mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao mbili, moja sokoni na moja kituoni, kwa mwandiko mkubwa.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni mtu muhimu na ni mtu wa kuwekewa mpaka. Bei zitafutwe mahali patatu na ziandikwe. Kama duka lake ndilo lenye bei nzuri, liuze, lakini yeye asikae kwenye kikao kinachochagua. Akitaka kutoa, atoe kwa punguzo linaloonekana kwenye risiti. Mji mdogo hausahau, na tetesi moja ya faida iliyofichwa inazima michango ya watu 30.

Majina ya watoaji yakae kwenye daftari. Ukutani mwa kituo ningependa yaandikwe mambo yenye faida kwa mchotaji: saa za kufungua, bei ya ndoo iliyopangwa na chombo cha watumia maji, na namba ya simu ya fundi. Msianze ujenzi wakati wa kampeni za uchaguzi. Mradi ukishavaa rangi ya chama, nusu ya kitongoji wanajiona wageni kwenye maji yao wenyewe.

Mipira ya umwagiliaji

Tishio kubwa la baadaye Lushoto ni mkulima mwenye kiu ya kabichi. Kiangazi kikikaza, mtu anatoboa bomba usiku na kuunga mpira kwenda shambani. Kumkamata na kumtoza faini kunasaidia wiki mbili. Afadhali maji ya ziada, yale yanayomwagika kwenye kisanduku na kwenye tenki likijaa, yapelekwe rasmi kwenye bwawa dogo, ndiva kama wanavyosema majirani zetu wa Upareni, na wakulima wagawane kwa zamu. Wao wakiwa na maji yao, wanakuwa walinzi wa bomba. Kama ziada haipo, hilo lisemwe mkutanoni tangu mwanzo, kwa namba zile za Oktoba.

Sanduku la vipuri

Vijana wawili wa kitongoji, mmoja wao msichana, wawe na fundi tangu siku ya kwanza ya kuchimba. Wajue kila kiungo kilipozikwa, wachore ramani ya njia ya bomba na kupanda mawe ya alama juu yake. Walipwe posho na mfuko kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika, kwa sababu kazi yao ni kuzunguka.

Sanduku la vipuri likae katika duka moja lililokubaliwa, na mwenye duka awe na ruhusa ya maandishi ya kutoa kifaa papo hapo bila kusubiri kikao, mradi bei haizidi kiasi mlichopanga. Ndani yake: mipira ya koki 20, koki kamili nne, soketi za kuungia bomba za kila ukubwa uliotumika, sita sita, geti valvu moja, tepu tano za kufungia nyuzi za bomba, msumeno wa chuma na nyembe zake, spana mbili za bomba, vipande vya bomba vya mita tatu. Kila kinachotoka kiandikwe na kirudishwe siku ya gulio inayofuata kutoka kwenye mfuko.

Koki zikaguliwe kila wiki. Uzio, mfereji wa mvua na wavu wa bomba la ziada kila mwezi, na mara mbili kwa mwezi wakati wa masika. Kisanduku kifunguliwe na kusuguliwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Septemba, na siku hiyohiyo ndoo na simu zitolewe, chemchemi ipimwe tena, namba iandikwe kwenye mbao mbili. Ikishuka miaka miwili mfululizo, nendeni juu mkaangalie nini kimekatwa au kupandwa huko kabla ya kulaumu bomba.